Thumuni ya Land Rover

Wasee, kuna kitu nimekuwa nikitaka kusema tangu nianze kuposti video za hii gari, na leo nitakiandika kwa sababu kwa video ya dakika moja hakitoshi. Watu wanadhani kurudisha gari ya zamani barabarani ni kazi ya spana. Sawa, spana ziko. Lakini nusu ya kazi, tena nusu ngumu, ni karatasi na familia. Injini unaweza kuifungua ukaona tatizo liko wapi. Mjomba huwezi kumfungua.

Kwa wale wageni: gari yenyewe ni Land Rover Series III, petroli, ile ndefu ya 109, na iko kwa nyanya yangu hapa Isiolo, Bula Pesa, chini ya mwarobaini. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ni rahisi kuzitambua: grili ya mbele ni plastiki, si wavu wa chuma kama ya Series II, na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva badala ya katikati. Babu yangu alikuwa dereva wa serikali upande wa mifugo, enzi zile ng'ombe wa Kaskazini wakipitia karantini ya LMD kabla ya kuteremshwa sokoni. Hiyo gari ndiyo aliyokuwa akiendesha kazini. Ilipochoka ikapelekwa mnadani, 1986, na aliyeinunua ni yeye. Wengine pale mnadani walikuwa wananunua gari. Yeye alikuwa ananunua mgonjwa ambaye tayari anajua magonjwa yake yote.

Babu alifariki 2015, mimi nikiwa darasa la sita. Gari ikasimama pale pale alipoiacha. Kuku wakahamia kiti cha nyuma, panya wakachukua nyaya. Mimi nikaendelea na shule, nikaingia chuo, na mwaka wa pili karo ilipokataa kutimia nikatoka, sijarudi. Hilo nimeliandika mara moja ili tusilirudie. Niliporudi nyumbani nilikuwa na simu moja nzuri, muda mwingi, na gari iliyokufa. Hapo ndipo kontenti ilianza.

Sasa, kuna hii maneno ya "magari ya zamani ni hobi ya mababi." Naielewa inatoka wapi. Concours d'Elegance ilianza Nairobi 1970 na siku hizi uwanja wake ni ule wa mbio za farasi pale Ngong Road. Nilienda mara moja nikiwa bado chuo, na kamera ya kuazima. Magari yanang'aa hadi unaona meno yako kwa mlango. Majaji wanainama kuchungulia chini ya gari, wanakagua injini, viti, hadi mahali ambapo mtu wa kawaida haangalii akinunua. Kuna wenye gari walikuwa na mswaki, wanasugua nati moja moja. Sina ubaya nao. Yule mzee niliyemwona akipangusa rimu za gari yake kwa kitambaa cha pamba alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa watu wengi wa umri wake. Lakini nilipokuwa natoka nilijiuliza gari ya Babu ingewekwa wapi pale. Mlango wake wa kushoto una kovu la pembe ya ng'ombe. Ukisimama kwa mshazari jua likiwa chini, unaona chini ya rangi ya kijani kivuli cha maandishi ya idara yake ya zamani. Ukiiweka ing'are, umefuta yote hayo. Kwangu mimi hiyo itakuwa gari ingine kabisa yenye namba ya Babu.

Na historia yetu ya magari si ya mababi peke yao. Joginder Singh, fundi na mwana wa Kericho, alishinda Safari Rally ya 1965 na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika mbio za mwaka uliotangulia. Gari ya mkono wa pili! Baadaye akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Siku hizi magari ya enzi zile yanarudi kukimbia kwenye Safari Classic, iliyoanzishwa 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953. Huko nako pesa ni nyingi, sikatai. Lakini enda Maralal uone Land Rover zilizozeeka kuliko wazazi wangu zikibeba watu na mbuzi kwenda Baragoi. Enda milima ya Nyambene, kule Maua na Laare, uone zikipanda kwa barabara ambazo probox ingelia. Oktoba 2024 majirani zetu wa Arusha waliita watu waje na Land Rover zao, zikafika zaidi ya elfu moja. Nyingi zilikuwa za watu wa kazi: wakulima, waongozaji watalii, mafundi. Mimi nikiona hizo picha nilisema, kumbe sisi ndio wengi.

Hapa Isiolo Land Rover ina maana yake. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kipimo, aluminiamu ndiyo tele, na ndiyo sababu bodi yake ni aluminiamu huku fremu ya chini ikiwa chuma. Haikuchukua muda zikawa ndizo gari za serikali huku Kaskazini. George Adamson, yule wa simba, alikuwa afisa wa wanyamapori wa hii Kaskazini yote na makao yake yalikuwa hapa hapa Isiolo. Elsa alimpata 1956. Hata kifo kilimkuta ndani ya Land Rover, kule Kora, Agosti 1989, akikimbia kumwokoa mgeni wake aliyevamiwa na majambazi. Wageni wakitembea Isiolo hiyo ndiyo hadithi wanayoijua.

Nyanya yangu, sisi tunamwita Akko, ana hadithi ingine. Alikuwa msichana wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Anasema siku hizo ukisikia ule mlio kwa mbali ulijua askari wanakuja, na watoto walikimbizwa vichakani. Miaka ishirini baadaye mume wake akaingia uani na moja, anapiga honi, anacheka. Akko anasema wiki nzima alikataa kuipanda. Alikuwa anapita mbali nayo kama mtu anayepita mbwa asiyemjua. Aliipanda siku ya nane kwa sababu jirani alikuwa na uchungu wa kuzaa na hakukuwa na gari ingine mtaani.

Baada ya hapo ilikuwa ambulensi, ikawa gari ya harusi, ikawa gari ya maiti. Mama mdogo wangu, kitinda mimba, alizaliwa ndani yake 1988 barabara ya Garba Tulla, kabla hawajafika hospitali. Nawaomba mumkumbuke huyo Mama mdogo, tutarudi kwake.

Tuje kwa spana, najua wengine mmengoja hapo.

Fundi wangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, alistaafu kutoka karakana ya serikali. Sitamtaja, hapendi. Nilipomwendea nikamwambia, "Mzee, nataka kuamsha gari ya Babu," aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ilizimika ama ilizimwa?" Kumbe kuna tofauti kubwa. Gari iliyozimika ina ugonjwa. Gari iliyozimwa ilikuwa mzima, imelala tu. Ya Babu ilizimwa. Aliiegesha Alhamisi, Jumapili akalazwa, hakurudi.

Kitu cha kwanza hatukugusa ufunguo. Nataka hili mlishike wenye magari yaliyolala: usiwashe. Petroli ya miaka tisa si petroli tena, inanuka kama rangi ya mlango. Tuliimwaga, tukatoa tangi, fundi akatia ndani kokoto na kipande cha mnyororo, tukalitikisa watu wawili hadi mikono ikafa ganzi. Kutu iliyotoka ingejaza kikombe. Kisha tukatoa plagi zote nne, tukamimina mchanganyiko wa oili na dizeli kidogo kwa kila silinda, tukaacha. Kila asubuhi niliingiza hendeli pale mbele, maana hizi gari zina tundu la hendeli chini ya grili, na kujaribu kuzungusha polepole. Siku ya kwanza, ukuta. Siku ya tano, ukuta. Siku ya kumi ikasonga kama upana wa kidole. Nilipiga kelele hadi Akko akatoka na fimbo akidhani ni nyoka.

Mambo mengine nitayapitisha haraka. Nyaya za panya tulivuta upya karibu zote. Kabureta ilifunguliwa ikalala usiku mzima kwenye petroli safi. Pointi za distribyuta zilisuguliwa kwa msasa laini, na ule mwanya wa kama milimita 0.4 fundi akaupima kwa kipande cha pakiti ya sigara. Anasema ndivyo walivyofanya barabarani miaka yote na hakuna aliyelala njiani. Radieta ilitoboka, ikachomelewa hapa hapa jua kali. Spea ambazo Isiolo na Meru hakuna, nimezitoa Kirinyaga Road, Nairobi, kwa basi la usiku. Mara mbili zimekuja zisizo zenyewe.

Kutu ndiyo inastahili maneno. Watu husema Land Rover haiozi kwa sababu ni aluminiamu. Inaoza! Fremu ni chuma, ule ukuta kati ya injini na dereva ni chuma, na pale chuma na aluminiamu vinapogusana vikipata unyevu vinalana. Gari ya Mombasa ya umri huu ingekuwa ya kuokotwa kwa ufagio. Yetu imeokolewa na jua la Isiolo. Sehemu iliyooza ni pale chini ya miguu ya dereva, na fundi ameikata na kuweka kiraka cha bati zito. Kwa hiyo mkiniambia Isiolo ni kame, nitasema ndiyo, na asante.

Iliwaka Machi. Sitaeleza, video iko, ina moshi mwingi na mimi nimeshika kichwa. Kitu ambacho hakiko kwa video ni kwamba Akko aliposikia injini hakutoka nje. Alibaki ndani. Niliingia nikamkuta amekaa kitandani, akaniambia kwa Kiborana niiache iendelee kidogo.

Haya, karatasi.

Namba ya gari ni ya mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, hakuna herufi ya mwisho. Mtindo wa sasa wa KAA na herufi mwishoni ulianza mwishoni mwa miaka ya 80, kwa hivyo ukiona namba kama hiyo barabarani jua ni ya mzee. Kuna watu wanatafuta namba hizo kuliko hata gari zenyewe. Logbuku iko, ile ya kitabu hasa, kwenye kisanduku cha bati cha Babu pamoja na kitambulisho chake na risiti za miaka. Iko kwa jina la Babu. Na Babu hayuko.

Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Unapata gari ya zamani shambani kwa mtu, unapatana, unalipa, unapewa logbuku mkononi, unarudi nyumbani ukiimba. Hiyo logbuku si yako. Siku hizi umiliki unahamishwa kwa mtandao, huduma za NTSA ziko eCitizen, na anayetoa gari lazima awe ni yule mwenye jina, akubali mwenyewe. Marehemu hana simu. Bila amri ya mahakama hakuna mtu anaweza kuhamisha, hata mjane wake, hata kama gari imelala kwake miaka kumi. Tena sheria ya urithi, sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kushika na kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa. Nilipoisoma hiyo sentensi nilimsomea kila mtu nyumbani, mara mbili, na kuna mtu mmoja aliangalia dirishani.

Kabla hata ya mahakama, hakikisha gari ni ile ile. Kwenye Series namba ya fremu imepigwa kwa chuma pale mbele, upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhika. Yetu ilikuwa chini ya grisi ya miaka arobaini. Nilisugua na mafuta ya taa na brashi ya waya jioni nzima, tochi ya simu mdomoni, na namba zikaanza kutoka moja moja kama mtu anayetoka kwenye vumbi. Zote zililingana na kitabu. Ya injini haikulingana. Babu alibadilisha injini 1994, na ukibadilisha injini unatakiwa kuripoti ili kitabu kibadilishwe, hakuripoti. Lakini risiti ya ile injini ilikuwa kwenye kisanduku, imekunjwa mara nne, na muhuri wa duka. Yule mzee alitunza kila kitu. Nimeipiga picha, nimeitolea kopi tatu, na ya asili iko chini ya godoro la Akko ambako hakuna mwizi anayethubutu.

Sasa mirathi. Sisi ni Waislamu, kwa hivyo tuna njia ya Kadhi. Katiba, kifungu cha 170, inasema Kadhi anaweza kusikiza mambo ya urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Wasio Waislamu, ama familia ambayo haikubaliani kwenda kwa Kadhi, wanapita mahakama za kawaida: tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 za pingamizi, halafu kungoja miezi 6 kabla ya kuthibitishwa. Njia zote mbili zinaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Wote. Usiruke hata mmoja ukidhani hatajua.

Warithi wetu ni hawa. Akko, mjane. Watoto wawili wa kiume: Abuya mkubwa yuko hapa Isiolo, na mwingine yuko Doha. Watoto watatu wa kike: Mama mkubwa aliyeolewa Moyale, mama yangu, na Mama mdogo. Kisheria mjane mwenye watoto anachukua thumuni, sehemu moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Fanya hesabu. Sehemu saba zimebaki, na saba ndizo zinazotakikana: wanaume mbili mbili, wanawake moja moja. Kwa hivyo Akko ana thumuni, kila binti ana thumuni, kila mwana ana thumuni mbili. Jumla nane, hakuna senti inabaki. Nilipomaliza kuandika hiyo hesabu nyuma ya risiti ya plagi nilikaa nikaitazama, maana ilikuwa safi kuliko kitu chochote ndani ya hiyo gari.

Na mimi niliyetikisa tangi? Sifuri. Mjukuu wa upande wa binti, mama yangu akiwa hai, sina hata kioo cha pembeni. Silalamiki. Nawaambia ili mjue: kazi yako kwenye gari ya familia haikupi gari. Inakupa maoni tu, na maoni kila mtu anayo.

Mwezi Mei akaja broka kutoka Nairobi. Aliona video zangu, kwa hivyo ndiyo, kontenti ndiyo ilimleta. Jamaa wa heshima, viatu safi. Akatoa shilingi 350,000, pesa mkononi, na akasema neno ambalo mtu yeyote akikuambia unapaswa kusimama: "Karatasi tutapanga sisi." Kwa nini mtu atoe hiyo pesa kwa gari yenye kiraka sakafuni? Kwanza, Kenya hairuhusu kuleta gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo zile za zamani zilizoko ndizo hizo tu, haziongezeki. Pili, Marekani gari ikishatimiza miaka 25 inaingia bila kubanwa na masharti yao ya usalama wa magari, na huko watu wana pesa na mapenzi ya Land Rover. Tatu, kuna wanaotaka namba na kitabu tu, wavivike fremu ingine. Sijui yeye alikuwa yupi kati ya hao. Sikumuuliza, kwa sababu Abuya ndiye alikuwa anampa chai.

Abuya anataka kuuza. Ni haki yake kutaka, ana thumuni mbili, na hata bila karatasi 350,000 ni pesa. Nilitegemea atakuwa peke yake. Hakuwa. Aliyeunga mkono ni Mama mdogo, yule yule aliyezaliwa ndani ya gari.

Nilikuwa na hasira siku mbili. Halafu akaniketisha. Kifungua mimba wake anaingia Gredi ya 10 Januari, ile darasa la kwanza la sekondari ya juu, na yeye anauza nguo sokoni. Akaniambia, "Wewe unaiona hiyo gari kama Babu. Mimi Babu nilimjua. Angekuwa hai angeiuza kesho mtoto aende shule, na angetembea kwa miguu." Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina. Na mtu aliyetoka chuo kwa sababu ya karo hawezi kumwambia mama wa mtoto kwamba karo si kitu.

Kwa hivyo hivi ndivyo hesabu inasimama. Wanaotaka kuuza: thumuni tatu. Wanaotaka ibaki, Akko na mama yangu: thumuni mbili. Wa Doha na wa Moyale, thumuni tatu, hawajasema. Mjomba wa Doha anajibu kwa emoji ya dole gumba, na mpaka leo hatujui dole hilo linamaanisha uza ama weka.

Maoni yangu, na hapa mnaweza kunipinga: ukitaka kuhifadhi kitu cha familia, lipa anayeumia kwa kuhifadhi kwako. Usimwambie mtu mwenye shida kwamba historia ni muhimu. Mimi nimechukua bei ya broka kama ndiyo bei, sijaanza kubishana eti gari ni mbovu ndiyo nipunguziwe. Thumuni moja ni 43,750. Nimeweka 31,000 kutoka kwa video na kazi mbili za kupiga picha za harusi. Nataka kumlipa Mama mdogo kwanza, kabla ya Januari, yote, mbele ya Akko na kwa maandishi. Thumuni yake iende kwa jina la Akko, si kwangu. Abuya ana 87,500, na yeye ana nyumba na lori, kwa hivyo atangoja, na nimemwambia hivyo kwa adabu yote niliyo nayo. Alicheka. Alisema nimeongea kama marehemu baba yake. Sikujua kama nishukuru.

Jambo moja amekubali, na kwangu hilo ni kubwa kuliko pesa: ameweka sahihi kwenye ile barua ya chifu. Hata kama mwishoni gari itauzwa, itauzwa ikiwa na mwenyewe. Bei ya gari yenye karatasi safi na ile ya "tutapanga" haziko karibu, na hilo ndilo lililomgeuza, sio kifungu cha 45. Mama mkubwa atashuka kutoka Moyale wiki ijayo. Zamani hiyo ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa lori, msafara na askari mbele. Sasa ni lami tupu, kama kilomita 500, anatoka asubuhi anakula chakula cha jioni hapa. Akifika tunaenda kwa Kadhi na majina sita.

Kuna wanaoniuliza kama nitaipeleka Nairobi ishindanishwe. Gari haijaruhusiwa hata kutoka nje ya geti, ndugu zangu. Breki za nyuma bado. Lakini kama itabaki, ningependa siku moja sisi wa huku tuwe na siku yetu, pale uwanjani Isiolo, Land Rover za Maralal, za Marsabit, za Maua, na majaji wawe wazee kama fundi wangu, wasiangalie mng'aro. Waulize imebeba nani.

Kwa sasa ninachohitaji ni silinda ndogo mbili za breki za nyuma na kofia moja ya distribyuta ambayo haijapasuka, ya injini ya petroli ya lita 2.25. Ukiwa nayo Isiolo, Meru ama Nanyuki, niandikie. Usinitumie bei ya Nairobi.